Nguo ya Kutosha Nyeusi

Miaka ile kila kijana wa Kigoma aliyemaliza chuo alikuwa ameomba kazi katika shirika fulani la kuhudumia wakimbizi. Nami nilikuwa nimeomba. Niliona haya kulisema mbele ya Mama Fundi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, na mimi nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza kizuri nikiomba nilipwe mshahara kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imebaki Uvira, Kongo, na yeye yuko huku. Kwa hiyo nilipoitwa Dar es Salaam kwa usaili, nilimwambia nakwenda kumsalimia mjomba wangu wa Magomeni.

Alifurahi. "Basi utapita maduka," akasema.

Alikuwa amepanga chumba cha uani nyumbani kwetu Ujiji, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu. Alivuka ziwa pamoja na mumewe, wakashukia upande wa Ilagala, na mume akafia huko huko kabla hata hawajapata pa kulala pa kueleweka. Tangu hapo alivaa gauni moja jeusi. Lilikuwa limefubaa mpaka mabegani likawa rangi ya majivu, na alilifua jioni akalivaa asubuhi, mara nyingine bado bichi kwapani. Kwetu mjane hukaa eda, siku zake zikiisha akaoga akatoka. Muda wa Mama Fundi ulikuwa umepita mara kadhaa, kwa hiyo nilidhani weusi ule ni mazoea, au ni kukosa nguo nyingine. Sikumuuliza. Niliogopa kwamba kuuliza kungekuwa sawa na kumwambia nguo yako imechakaa.

Kitu kingine nilichokiona bila kukielewa ni kwamba Wakongo wenzake walimletea suruali za kutia viraka na sare za shule, lakini nguo za harusi na za ubatizo walizipitisha mbele ya baraza yetu, zimefungwa kwenye kitambaa, wakazipeleka kwa fundi mwingine huko Kigoma mjini. Mshono wa yule fundi ulikuwa wa ovyo. Mama yangu alisema ni wivu wao kwa wao.

Siku moja kabla ya safari Mama Fundi aliniita barazani.

"Mwanangu, utaniuzia nguo."

Mama, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akacheka. "Huyu ana nguo gani za kukuuzia? Mwenyewe anaazima kanga zangu."

Nikamsahihisha mama kwa furaha kidogo. Katika Kiswahili cha Mama Fundi kuuza ni kununua, na kuuza kwetu wao wanasema kuuzisha. Nyumbani mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake, nikijivunia kazi hiyo kuliko shahada yangu. "Anasema nimnunulie, mama."

"Eh! Huyu mtoto anasikia Kiswahili chetu," Mama Fundi akasema. "Utaniuzia nguo ya kutosha nyeusi. Mpya. Mtumba hapana."

"Ya kutosha, nyeusi," nikarudia.

"Ya kutosha nyeusi. Jumamosi ya safari yako ya kurudi, wifi yangu atakuwa hapa. Kule kambini wamempa kibali mpaka Jumatatu tu. Nguo isipofika, tutangojea tena, na sijui mpaka lini."

"Lakini Mama Fundi, si ungeshona mwenyewe? Ungependeza zaidi."

Alitikisa kichwa. "Ile mtu hajishonei. Wewe umesoma, una macho mazuri. Utachagua."

Nilichukua tepu yake mwenyewe nikampima kifua, kiuno na nyonga, naye akacheka muda wote kwa kutekenywa. Nilipima mara mbili. Nilimuuliza anapenda mikono mirefu au mifupi, pindo lifike wapi, kama anataka zipu mgongoni au ubavuni. Alijibu yote. Nilijiona mtu makini sana. Pesa alizozikusanya kwa viraka alizifunga kwenye fundo la kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Usaili ulikwisha upesi, na kuhusu usaili sina mengi ya kusema. Siku mbili zilizobaki nilizitumia kwa gauni jeusi.

Nilianzia juu. Binti ya mjomba aliniambia nguo nzuri kweli zinauzwa upande wa Msasani, kwenye maduka wanayonunua wake za mabalozi. Nikaenda. Mlango ulikuwa wa kioo na mlinzi aliyevaa tai alinifungulia, na ndani kiyoyozi kilipuliza baridi mpaka nikajikuta nimekunja mikono kama mtu wa msibani. Magauni hayakubanana. Kila moja lilikuwa na nafasi yake, kama wagonjwa wa wodi ya kulipia. Kulikuwa na sanamu isiyo na kichwa iliyovaa gauni jeusi zito, lenye bitana ya hariri, na nikasimama mbele yake nikijaribu kumwona Mama Fundi ndani yake, na kichwa chake juu.

Dada wa duka akaja. Alinitazama viatu kwanza.

"Karibu. Wewe Mrundi?"

"Hapana."

"Nimesikia lafudhi. Mkongo?"

"Mimi Mtanzania," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Ninatoka Kigoma."

"Aa, mwisho wa reli! Si ndiko wanakoingilia?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka naye. Fundo la Mama Fundi lilikuwa kifuani kwangu, nimelibana na sidiria, na mimi nilikuwa nacheka na kueleza kwamba sisi wa Ujiji ni watu wa pale pale tangu mababu, si wa kuja. Hata hakuwa ameniuliza yote hayo. Nikatazama kikaratasi cha bei kwenye kola ya lile gauni jeusi, nikatoka, na mlinzi akanifungulia tena mlango kwa adabu ile ile.

Katikati ya mji nilizunguka maduka ya Wahindi, ambako mzee mwenye miwani alinitandazia kaunta nzima. Nyeusi yenye maua madogo ya kijivu: nikaona maua hayafai, maana hakutaja maua. Nyeusi isiyo na mikono: alisema mirefu. Nyeusi yenye mikono mirefu lakini kitambaa chepesi kinachoonyesha mwili: yule mama ni mtu wa kanisani. Nilitoa tepu nikapima kila gauni mbele ya yule mzee, ambaye mwishowe aliuliza, "Binti, wewe nunua nguo au jenga nyumba?"

Kariakoo sikuthubutu kuamini neno "mpya". Nilinusa makwapa ya magauni. Muuzaji mmoja aliyening'iniza mali yake kwenye ukuta wa msikiti aliniona nikinusa, akamwambia mwenzake, "Oya, tumeletewa mkaguzi."

Siku ya pili, nikiwa nimechoka na nimeshaanza kuota vipimo, binti ya mjomba alinipeleka Sinza, kwenye butiki ndogo. Ilikuwa sebule ya nyumba iliyotolewa makochi. Mwenyewe, mwanamke wa umri wa mama yangu, alikuwa anashona na kuagiza, na alikaa mlangoni kwenye stuli akila karanga.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Gauni jeusi, shikamoo. La mama mtu mzima. Mikono mirefu, pindo chini ya goti, zipu mgongoni, lisibane nyonga."

"Marahaba. Msiba?"

"Hapana, ni la kuvaa tu. Mgeni anakuja kumtembelea."

Alisita na karanga mkononi. "Anampokea mgeni na nyeusi? Haya. Kila mtu na yake."

Hapo ndipo ningeweza kushtuka. Badala yake nilianza kuwaza kama pindo la inchi mbili linatosha iwapo Mama Fundi atanenepa. Gauni alilonitolea lilikuwa kamili. Jeusi lisilo na doa, mshono mzuri ndani kuliko nje, vifungo vidogo kwenye viwiko. Nililigeuza mara ngapi sijui. Nilililipia kwa pesa za lile fundo, na wakati mwenyewe akilikunja nikaliona jingine likining'inia nyuma ya mlango: la kijani, kijani cha jani la mgomba lililofunguka leo. Nililinunua palepale kwa pesa aliyonipa mjomba. Sikulipima, sikulinusa. Ni kitu pekee nilichonunua maishani mwangu bila kukifikiria, na niliona vibaya njia nzima mpaka Kigoma, nikililaza chini kabisa ya begi, chini ya lile jeusi, kana kwamba nimeliiba.

Nilifika nyumbani Jumamosi adhuhuri. Wifi yake Mama Fundi alikuwa amekwisha kufika kutoka kambini, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, kakaa kwenye mkeka barazani pamoja na wanawake wenzao wawili kutoka Katonga. Ndoo za maji zilikuwa zimejazwa. Kulikuwa na mkungu wa ndizi, mtungi wa togwa, na harufu ya migebuka ya ziwani inayokaangwa. Nikafikiri: karamu yote hii kwa ajili ya kutembelewa na wifi?

Mama Fundi alisimama, mikono ameikunja kifuani. "Imefika?"

"Imefika, Mama Fundi."

Nilifungua begi mbele yao wote. Nilikuwa nimeingoja dakika hii safari nzima ndani ya treni. Nikalitandaza lile gauni mapajani kwangu, nikaonyesha bitana, nikaonyesha vifungo vya viwikoni, nikaeleza habari za pindo.

Mmoja wa wanawake wa Katonga alijifunika mdomo na ncha ya kitenge.

Wifi akalinyooshea kidole. "Sasa hii ni nini? Nyeusi juu ya nyeusi? Munataka ndugu yangu afe tena?"

"Alisema nyeusi," nikasema. "Alisema ya kutosha, nyeusi."

"Ya kutosha nyeusi!" Wifi akapiga makofi. "Ya ku-to-sha! Kutosha!" Akainuka, akashika kofia ya mtoto wa jirani aliyekuwa anapita pale, akaivua kichwani. "Hivi! Minatosha kofia. Umeona? Minatosha!"

Nikaona. Kwao kutosha ni kutoa, kuondoa, kuvua. Nguo ya kutosha nyeusi ni nguo ya kumvulia mjane nyeusi. Kwao mjane hajivui mwenyewe. Ndugu wa marehemu ndio wanaomvua, watu wakiona, na wanamvika nguo mpya yenye rangi, na tangu siku hiyo anaweza kucheza, kuolewa, kushika vitambaa vya maharusi. Mpaka hapo, hakuna bibi harusi wa kwao atakayempelekea nguo nyeupe. Ndiyo maana zilipitishwa mbele ya baraza yetu. Na wifi ndiye aliyebaki peke yake katika ndugu wa mume, na kibali chake kilikuwa kinakwisha Jumatatu.

Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa neno. Nilimwuliza habari za zipu.

Mama Fundi alikaa chini polepole. Alilivuta lile gauni jeusi, akalipapasa, akageuza mshono ndani nje kama fundi yeyote angefanya. "Limeshonwa vizuri," akasema. Ingekuwa afadhali anitukane.

Mama yangu akaja na maji ya kunywa, akaelezwa, akashika kichwa. Kisha, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akaanza kunitolea vitu kwenye begi: sabuni ya mjomba, viatu vyangu, halafu gauni la kijani. Akalishika juu.

"Na hili?"

"La kwangu," nikasema.

Nilisema upesi sana. Lilikuwa jibu la kweli, alikuwa ameniuliza na mimi nikamjibu, lakini nimeishi na maneno hayo mawili kuliko niliyosema kwenye usaili. Wanawake wote walitazama mkeka. Hakuna aliyeniomba. Mama Fundi mwenyewe alisema, "Zuri, mwanangu. Litakupendeza kazini." Kumbe alijua habari za kazi. Alijua tangu mwanzo, na alinitakia mema.

Ndipo nikasema, "Mama Fundi, chukua hili."

Alikataa. Nikalisukuma. Alikataa tena, mpaka wifi akalinyakua akampima nalo kifuani, na pale tukaona wote: mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, na Mama Fundi ni mtu mwenye mwili. Kila upande palibaki pengo la kiganja kizima. Akalitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

"Hii haitoshi ya kwenu," akasema, "lakini itatosha ya kwetu."

Mama akaingia ndani akarudi na kitenge chake kipya, cha njano, ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya Idi. Akakipasua mwenyewe kwa meno na mikono, vipande viwili virefu, kabla hatujamzuia. "Mvitie ubavuni," akasema. "Huku na huku."

"Atie nani?" Mama Fundi akauliza. "Mimi siwezi. Hajishonei mtu."

Wanawake wa Katonga hawakujua cherehani. Wifi alisema kwao alikuwa anauzisha mafuta ya mawese. Wote wakanigeukia mimi.

Sijawahi kuogopa kitu kama pedeli ile. Mama Fundi alikaa kwenye kigoda pembeni, mikono ameikalia ili asisaidie, akaniongoza kwa mdomo tu. "Polepole. Usivute. Kitambaa kinakwenda chenyewe, wewe kiongoze tu." Uzi ulikatika. Sindano ikapanda juu ya mshono, ikashuka, ikapanda. Wifi alisimama nyuma yangu akisema, "Barabara ya Uvira hii, kona tupu." Niliomba nifumue nianze upya. Mama Fundi akasema fumua. Nikafumua, nikashona, nikapata kona nyingine. Jua lilikuwa limeanza kuondoka barazani nilipomaliza, na kwapa la kushoto niliona kabisa kwamba uzi haukushika vizuri. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Yeye akaweka kidole pale pale, akalihisi, akasema, "Wacha."

Jumapili, baada ya misa, ua wetu ulijaa. Wakongo wa Katonga walikuja, majirani wa Ujiji wakaja, hata mama mmoja wa Simbo anayetuletea mihogo alikaa kando na tenga lake. Wifi alimwingiza Mama Fundi chumbani na kufunga pazia. Nje wanawake wakaanza kuimba na kupiga makofi: "Tosha! Tosha! Tosha!" Majirani zetu walitazamana. Kwa Kiswahili chetu ilikuwa kama wanapiga kelele kwamba imetosha, basi, inatosha sasa. Mama yangu alisikiliza kidogo, kisha naye akaanza kupiga makofi, na sikujua anasema ya kwao au ya kwetu.

Mimi sikuimba. Nilikuwa nasikiliza nyuzi. Nilisimama karibu na pazia nikitega sikio kama mtu anayesikiliza mgonjwa anavyopumua. Wifi alitoka kwanza na lile gauni la majivu mkononi, akalitupa kwenye moto wa jikoni. Halafu Mama Fundi akatoka.

Alikuwa mwingine. Sina namna ya kusema zaidi. Kijani na njano, na mabega yake yalikuwa mabega ya mtu anayenizidi umri kidogo tu, si bibi kama nilivyozoea kumwona. Vigelegele vikapanda. Akainua mikono yote miwili, na hapo nikasikia, mimi peke yangu nadhani, ile *tri* ndogo ya kwapa la kushoto.

Alishusha mkono ule mara moja, akaubana ubavuni. Hakunitazama. Akaanza kucheza kwa mkono mmoja wa kulia juu, wa kushoto kaubana, akizunguka ua. Baada ya muda wanawake wa Katonga nao walibana mikono ya kushoto, kisha majirani zetu, mpaka ua mzima ukawa unacheza kwa mkono mmoja. Mama wa Simbo aliniuliza kama ndivyo wanavyocheza Dar siku hizi. Nikamwambia ndiyo.

Wiki iliyofuata barazani kwetu kulikuwa na kitambaa cheupe cha bibi harusi. Na wasichana wawili wa Ujiji walikuja kuulizia ule mshono wa Dar, wenye kitambaa kingine ubavuni. Mama Fundi aliwashonea, kwa mistari iliyonyooka, na kila mara aliponiona napita alinikonyeza. Nilicheka. Lakini nilipita upesi.

Jumatatu ile wifi alikuwa amefunga mzigo wake kurudi kambini. Gauni jeusi la Sinza lilikuwa bado limekunjwa juu ya meza ya cherehani, na hakuna aliyetaka kuligusa. Nilisema ningelirudisha Dar, nikijua siwezi. Wifi akalichukua, akalitia ndani ya mzigo, katikati ya unga na sabuni.

"Kule halitakosa mwenyewe," akasema.

Kazi ile sikuipata. Nilipata nyingine, baadaye, katika shirika jingine, na nikapelekwa kambini. Nilipopita kwenye foleni za maji nilikuwa natazama viwiko vya kila mwanamke aliyevaa nyeusi, nikitafuta vifungo vidogo. Nilichagua gauni lile kwa siku mbili nzima, nikapima kila upande wake, kwa ajili ya mtu ambaye nilipokuwa nalinunua huenda mumewe alikuwa bado hai. Sikuliona tena. Sijui nani alilivaa, wala kama lilimtosha.